Tupeane uzoefu: gari lako la spoti la kizamani lilikuzimikia wapi huku Kusini?

Mzee wa Mikindani

Wakuu, salaam. Magari ya kizamani tunayasifia sana kwenye picha. Limepigwa polishi, limeegeshwa ufukweni Shangani, Mtwara, jua linazama, basi watu wanamwaga makopakopa. Mimi leo nataka ule upande usiopigwa picha. Lilikuzimikia wapi, saa ngapi, na nani alikunasua?

Naanza mwenyewe. Nina Datsun 240Z, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili (vile vyombo vya kuchanganya petroli na hewa), siti mbili. Mwaka juzi mwezi wa kumi niliamua kulivusha nchi, nitoke bahari hii ya Mikindani nikanawe uso Ziwa Nyasa, Mbamba Bay. Ni zaidi ya kilomita 800, na siku hizi ni lami mwanzo mwisho: Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, Mbinga. Tulitoka alfajiri mimi na mpwa wangu. Yeye ndiye utingo na ndiye msoma vibao.

Mpaka Masasi gari lilikuwa linaimba. Ile milima ya mawe ilipoanza kuchomoza, mpwa wangu akawa anachungulia dirishani kama mtoto, mimi mguu umetulia, mshale wa joto katikati. Mangaka tukasimama kunywa chai. Saa sita na nusu mchana, na jua la mwezi wa kumi mnalijua. Dakika kumi hazikuzidi. Kurudi nazungusha ufunguo, stata inazunguka, injini haishiki. Tena. Tena. Harufu ya petroli imetufuata mpaka kwenye siti. Mimi kwa ujuaji wangu nikaendelea kukanyagakanyaga mafuta na kupiga stata, mpaka betri ikaanza kulia ngrr, ngrr, kama mtu anayeamshwa daku na hataki. Vijana wa bodaboda wakajitolea kusukuma. Walilisukuma mpaka kwenye tuta, tukalirudisha kinyumenyume, wakalisukuma tena. Wapi!

Pembeni kulikuwa na mama anauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na mzee mmoja amekaa kwenye gogo jirani yake. Muda wote ule yule mzee hakunyanyuka. Vijana walipoanza kuulizia hela ya maji ndipo akasema, "Mwanangu, fungua boneti, halafu njoo ukae." Nikamwambia, babu, nina safari. Akasema, "Safari unayo, gari huna. Njoo ukae."

Tukakaa. Ming'oko ya moto, unamenya, unachovya kwenye chumvi na pilipili ya unga, vidole vinaungua na unaendelea tu. Zikapita kama dakika arobaini. Mzee akaenda mwenyewe, akaweka kiganja juu ya kabureta, akakiacha pale, akanikonyeza. "Sasa kanyaga mafuta mpaka chini, usiachie, usipampu. Washa." Likajivuta mara tatu, likakohoa moshi mweusi, likawaka.

Ufafanuzi nilikuja kuupata baadaye. Kwenye injini hii kabureta na eksozi ziko upande mmoja, kabureta juu, eksozi chini yake. Ukiwa unatembea, upepo unapooza. Ukizima, joto lote la eksozi linapanda, petroli iliyomo kwenye vibakuli vya kabureta inachemka na kufurika ndani ya injini. Yaani gari halikuwa na ubovu wowote, ubovu ulikuwa mguu wangu. Niliporudi nikachongesha bati la kukinga joto, na tangu siku hiyo nikisimama mahali pa jua boneti inafunguliwa kabla sijafungua mlango wa abiria.

Kingine. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi. Gari lililorekebishiwa mafuta Mikindani likawa linatoa moshi mweusi, plagi nyeusi tii. Nikapandisha kidogo zile nati za chini ya kabureta ili petroli ipungue, likatulia. Nilipoteremka kurudi pwani nikasahau kuzirudisha, likawa linapiga mafyatufyatu njia nzima, pale Ndanda watu wanageuka kuangalia nani anarusha baruti.

Haya, leteni za kwenu.

Noah Haijaniangusha

Pole mkuu. Kwa hela ya kuchongesha bati na betri iliyokufa ungekuwa na Noah saa hizi. Watu wanane, ming'oko unanunulia dirishani injini inanguruma. Nunueni Noah jamani.

Mzee wa Mikindani

Nilijua tu utakuja 😂

Binti wa Lindi

Shikamooni wakubwa. Gari ninaloendesha ni la marehemu baba, MGB ya mwaka 1966, siti mbili, turubai juu. Lilikuwa Dar. Baada ya arobaini wajomba wakasema liuzwe, nikasema litauzwa lakini kwanza lifike Lindi.

Baba alikuwa na tabia moja. Kabla ya kuwasha ananyamazisha gari zima, hata kama tunaimba. Anageuza ufunguo nusu, anasikiliza. Nyuma, karibu na tairi la kulia, kunalia tik-tik-tik-tik, inapunguza mwendo, inanyamaza. Hapo ndipo anawasha. Ni pampu ya mafuta ya umeme inajaza kabureta, zikijaa inanyamaza yenyewe. Sisi tulidhani anasali.

Nilipita daraja la Mkapa, Somanga, sawa. Nangurukuru nikasimama kununua maji. Kurudi, nageuza ufunguo: kimya. Hakuna tik. Nikakumbuka baba alikuwa anashuka na fimbo ya mwavuli, anainama nyuma, anarudi. Hatukuwahi kumuuliza anafanya nini. Nikatandika kanga chini, nikalala chali na dera langu, nikaingiza kichwa. Kuna kikopo cha duara kimejaa vumbi. Nikavua kiatu, nikakipiga kisigino kimoja. Konda wa basi lililosimama akasema kwa sauti, "Dada, unamwadhibu?" Nikapiga cha pili. Tik-tik-tik-tik. Abiria waliokuwa madirishani walishangilia kama Yanga wamefunga.

Mpaka Lindi nilikipiga mara tatu zaidi, ya mwisho Mchinga, na hapo nikawa sivui kiatu, nina jiwe langu maalumu miguuni. Halijauzwa mpaka leo.

Onyo kwa wenye MG za umri huu: kwenye hizi za mwanzo, waya uliofungwa kwenye bodi ni wa chanya, siyo hasi kama magari mengine. Binamu yangu alifunga chaja ya simu kwa mazoea. Ilitoa moshi mdogo, mweupe, mzuri tu kuutazama.

Dereva Mstaafu

Wanangu, mnalalamikia lami! Mimi nimepita Ndundu kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa, lile la mwaka 2003, tunasubiri pantoni Rufiji na mbu wanatusubiri sisi. Masika yakichachamaa Kusini inafungwa, unaegesha unatafuta mwenyeji.

Siku moja nina Peugeot 504 ya kazini, mbele yangu kuna kigari chekundu cha spoti, cha mzungu na mkewe, kifupi kama kiatu. Aina yake nimesahau. Kushuka pantoni, magurudumu ya mbele yameshagusa mchanga, ya nyuma bado yako kwenye bati, tumbo likakaa. Gari linaning'inia kama mjusi kwenye ukuta. Mzungu anapiga gesi, tairi zinazunguka hewani. Kulikuwa na Wandengereko pale wanasubiri kuvuka na magunia yao. Hawakuombwa. Wakaja watu kama kumi na wawili, wakashika huku na huku, "moja, mbili, haya!" wakalinyanyua mzimamzima na mama wa watu akiwa ndani, wakaliweka ufukweni. Kisha wakarudi kwenye magunia yao.

Mzee wa Mikindani, gari lako nalijua kwa heshima. Datsun hiyo ilichukua Safari Rally mwaka 1971, ikachukua tena 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Lakini zile zilikuwa zimevishwa bamba la chuma chini ya tumbo. La kwako lina nini chini?

Mzee wa Mikindani

Shikamoo mzee. Chini lina dua.

Fundi Mkuti

Nipo Masasi, haya magari huishia kwangu, kwa hiyo naongea kama mpokea maiti. Mengi yanakuja yamefungwa kamba na mwenye gari anasema "injini imekufa". Injini hizi hazifi kirahisi. Kinachokufa ni vitu vidogo.

Petroli ya chupa ya kando ya barabara, hasa. Sisemi ni mbaya, nasema ina mchanga wa dumu, na vitundu vya kabureta ni vidogo. Weka chujio la kuonekana kwa macho, la shilingi elfu chache, kati ya pampu na kabureta. Likibadilika rangi, badilisha.

Halafu pointi za kwenye distributa, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa cheche. Mtu anakuja na koili mpya, plagi mpya, kumbe pointi zimeungua na uwazi umeziba. Sugua kwa msasa laini, pima. Huna kipimo? Wembe wa kawaida wa kunyolea una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Panga nyembe nne, ndiyo uwazi wa gari la huyo dada wa Lindi. Kwa Datsun weka tano. Nimetengeneza hivyo gari la jamaa aliyekuwa anaenda kuvuka daraja la Umoja, Mtambaswala, aingie Msumbiji. Alinitazama kama namfanyia kiinimacho.

Na tanki likipigwa na jiwe likaanza kuvuja, usikubali mtu akuchomelee pale pale, mtalipuka. Chukua sabuni ya mche, ilainishe kwa maji kidogo, kandika kwenye tundu. Petroli haiyeyushi sabuni. Utafika. Ukifika ndiyo utoe tanki, lioshwe, lizibwe kitaalamu.

Matuta: usiyaingie uso kwa uso. Kata mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na abiria ashuke. Ndiyo, hata kama ni mke wako.

Newala Kwetu

Mimi halikuzimika, nililizima mwenyewe. Napandisha Newala na Toyota Celica ya zamani, msimu wa korosho. Bibi mmoja amesimama na kiroba na jogoo, amenyoosha mkono. Nikasimama kwa adabu tu nimweleze kwamba siti ya nyuma imejaa vifaa, hakuna nafasi. Bibi akafungua mlango, akakaa mbele, akamweka jogoo mapajani, kiroba akamkabidhi mke wangu aliyekuwa bado hajaelewa kinachoendelea. "Twende baba, jua kali." Mke wangu alipanda Newala akiwa juu ya sanduku la spana. Bibi aliposhuka akatuachia korosho mbichi kilo mbili hivi na akaniambia gari langu ni zuri ila ni fupi.

Noah Haijaniangusha

Angekuwa na Noah bibi angekaa yeye, jogoo na ukoo.

Kijana wa Shangani

Mzee wa Mikindani, swali la kiufundi. Nimepata 240Z kwa mtu, iko kwenye mawe, tairi zimeoza. Tairi zake unapata wapi huku?

Mzee wa Mikindani

Hongera, na pole kwa mkeo. Zile za asili ni 175 inchi 14, usijisumbue kuzitafuta. Mimi niliteketeza mbili nikirudi, karibu na Namtumbo, na spea nilikuwa nayo moja. Jamaa mmoja akanitolea tairi lililotumika, 195/70 inchi 14, likaingia bila kugusa popote. Nikafika nalo Mtwara, nikaona linashika barabara vizuri, nikanunua mengine matatu. Saizi hiyo ipo kila duka.

Noah Haijaniangusha

195/70 inchi 14. Hebu rudia mkuu, lilitolewa kwenye gari gani?

Mzee wa Mikindani

Mwenye uzi naomba uzi ufungwe.

Binti wa Lindi

Mwenye uzi si ni wewe? 😂😂

Noah Haijaniangusha

Nasubiri jibu. Niko Mangaka hapa, dirishani, ming'oko mkononi.