Camaro Z/28 ya dola 75,000 bila kiyoyozi: thamani au tunaibiwa?

Kobe_TX: Wadau, huku Texas kuna Chevrolet Camaro Z/28 ya 2015, ile ya uwanjani, inauzwa, wiki nzima silali. Ilipotoka kiwandani ilikuwa dola 75,000. Nguvu farasi 505. Kiyoyozi hakimo, ukikitaka unaongeza pesa. Camaro nyingine ya wakati ule, ZL1, ilikuwa na farasi 580, kiyoyozi na redio kamili, na bado bei yake ilikuwa chini kwa maelfu. Hiyo tofauti unalipia nini?

FundiMsewe: Unalipia vitu ambavyo picha haionyeshi. Breki za kaboni na seramiki za Brembo. Shokapu za Multimatic, ukoo wa magari ya mashindano. Matairi ya Pirelli Trofeo R, upana 305 mbele na nyuma. Injini LS7 ya lita 7, haina supachaja kama ya ZL1, ile pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, ya kuichemsha ukizungusha uwanjani. Na ni nyepesi kuliko ZL1 kwa ratili 300. Kwenye mstari ulionyooka ZL1 itakuacha, kwenye kona unaipata. Tena ni gia za mkono tu. Asiyejua kukanyaga klachi, hii mada si yake.

Mzee_wa_Trela: Hilo la mwisho limetoka wapi? Nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka tisa. Leo niko Ohio, goti limechoka, naendesha otomatiki. Kwa hiyo mimi si dereva?

FundiMsewe: Mzee wangu, sikukulenga wewe. Lori ni kazi. Gari la uwanjani ni mapenzi.

Mzee_wa_Trela: Mlima Kitonga, mzigo tani 30 mgongoni, gia imekataa kuingia. Hapo ndipo utaniambia klachi ni mapenzi. Na usiniite mzee wako.

SalmaColumbus: Kaka zangu, Kitonga na Camaro wapi na wapi? Ford Mustang Shelby GT350R ya 2016 ilianzia dola 60,000 na kidogo, ina rimu za kaboni, injini inapanda hadi mizunguko 8,250 kwa dakika. Nilikwenda kuiulizia ikiwa mpya, muuzaji akabandika dola 20,000 juu ya bei ya kiwanda, ananitazama usoni. Nilitoka nalia. Wizi ni huo, kiyoyozi mnakisingizia.

Dogo_Piston: Ubishi ulikwisha 2017. ZL1 1LE, ile ZL1 iliyotengenezwa kwa uwanja, ilizunguka uwanja wa Nürburgring kule Ujerumani kwa dakika 7 na sekunde 16. Z/28 ilipata 7:37, ingawa lami ilikuwa na maji. Na toleo la 2019 la hiyo 1LE likawekewa otomatiki ya gia 10. Kiwanda chenyewe kimemjibu Fundi.

Mzee_wa_Trela: Asante mwanangu. Umesikia, Fundi?

FundiMsewe: Nimesikia saa ya kiwanda. Mimi nimekaa ndani ya Z/28, Austin, uwanja wa COTA. Ule mlio bila supachaja hauko tena dukani, Camaro yenyewe imekoma kutengenezwa. Ndiyo maana narudia, klachi ni ya watu wanaolipenda gari.

SalmaColumbus: Umerudi kulekule. Kwani mimi niliyekosa yangu kwa sababu ya muuzaji silipendi gari?

Kobe_TX: Jamani, mimi nilitaka kununua. Matairi yamebaki nusu na mwenye gari hashuki bei. Seti ya Trofeo R inasimama shilingi ngapi siku hizi?

Mzee_wa_Trela: Subiri kwanza, Kobe. Fundi, leseni yako daraja gani?