Bwawa la Nyerere na mafuriko ya Rufiji: mnabishanaje na mtu msiyejuana naye?

Binti_Muhoro

Wakuu, salaam.

Mimi ni mzaliwa wa Muhoro, Rufiji, ila naishi Mbagala. Mama na wajomba bado wako kule wanalima. Aprili 2024 maji yalipopanda, mpunga na mahindi ya mama vilikwenda vyote, na lile dungu analolalia kulinda ndege na nguruwe likabaki paa tu juu ya maji. Mdogo wangu aliipiga picha akiwa kwenye mtumbwi. Nikaiweka mtandaoni na maneno machache: "Muhoro leo. Tuombeeni."

Sikutaja bwawa wala rais. Kufika jioni, chini ya picha kulikuwa kumewaka moto. Mmoja ameandika "hayo ndiyo matunda ya bwawa, tulisema hamkusikia." Mwingine anamjibu kwamba mimi nimetumwa na mabeberu, Rufiji ilifurika tangu enzi za babu zangu. Akaja wa mabadiliko ya tabianchi, naye akaambiwa tabianchi ni mradi wa wazungu wa kuombea hela. Katika wote wale, hakuna aliyeuliza mama yuko wapi.

Tangu hapo kila masika ikikaribia ubishi ule ule unafufuka, nami nimo. Nikisema milango ya bwawa ilifunguliwa, naitwa mpinzani. Nikisema mvua ilikuwa kubwa mno, naitwa chawa wa serikali. Mtu hanijui, simjui, lakini chama ameshanipa.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Maji yale yalikwendaje hasa? Na ninyi mnaoweza kubishana na watu msiowajua hadi mkaelewana, mnaanzia wapi? Kunyamaza siwezi, maana ni kwetu.

Mpima_Kina

Pole sana dada, na mama mpe pole zangu. Nimesoma vipimo vya mito kwenye bonde la Rufiji hadi nastaafu, sasa niko Ifakara. Nitaandika kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Bwawa halitengenezi maji. Bonde lote lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000. Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu zinaungana na kuwa mto mmoja, na Kilombero peke yake inaleta zaidi ya nusu ya maji. Yote hayo yanapita kwenye korongo la Stiegler, na hapo sasa pana ukuta wa mita 131. Ukuta ulianza kuzuia maji Desemba 22, 2022.

Bwawa lenye nafasi hukata kichwa cha mafuriko: maji yanaingia mengi, yanatoka machache. Likishafika kina chake cha juu, mita 184 kutoka usawa wa bahari, uwezo huo unakwisha, na kinachoingia hakina budi kutoka. Masika ya 2023 bwawa lilikuwa bado linajazwa. Masika ya 2024 lilikuwa limekaribia kujaa, na mvua nayo ilikuja kubwa. Wanasayansi wa World Weather Attribution waliichunguza mvua ya Afrika Mashariki ya msimu ule, wakakadiria kwamba joto la dunia limeiongezea ukali kwa karibu asilimia 5. Si kidogo, lakini ona kwamba mvua kubwa ingekuwepo hata bila hiyo nyongeza.

Kwa hiyo anayesema "bwawa huzuia mafuriko" na anayesema "bwawa lilijaa likamwaga" wanaweza kuwa sahihi wote, kila mmoja kwa wiki yake. Kinachoamua ni namba mbili za kila siku: kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka. Kama siku ya kilele kilichotoka hakikuzidi kilichoingia, bwawa halikuongeza tone kwenye kilele kile. Kama kilizidi, liliongeza. Hapo hakuna CCM wala CHADEMA.

Sasa la pili. Mimi kabla sijajibu lolote humuuliza mtu: tunabishania KUJENGA au KUENDESHA? Kujenga kulishaamuliwa. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, ukuta umesimama, umeme unatoka. Unaweza kuuona uamuzi ule mzuri au mbaya, lakini hautafutwa kwa kubishana. Kuendesha kunaamuliwa upya kila mwaka. Je, kina kishushwe kabla ya masika ili ibaki nafasi ya kupokea mafuriko? Ukishusha, umepunguza akiba ya umeme ya kiangazi. Usiposhusha, watu wa chini wanabeba hatari. Nani anaamua, na wa Muhoro anaambiwa lini? Huo ndio ubishi wenye faida, na watu wengi hawaufikii kwa sababu wamekwama kwenye ule wa kwanza.

Asipotaka kuchagua, akaendelea na mabeberu na chawa, namuaga kwa heshima.

Mzalendo_Damu

Mazingira mazingira! Wakati pori la Selous, hapo hapo lilipo bwawa, linamalizwa tembo mlikuwa wapi? Walikuwa zaidi ya laki moja miaka ya 70, ikafika 2013 wamebaki kama 13,000. Bwawa halikuwepo. Leo tumejenga la megawati 2,115 kwa hela yetu ndiyo mnajifanya mna uchungu.

Mpima_Kina

Ndugu, hilo la tembo ni kweli kabisa. Majangili ndio waliowamaliza, na UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014 kwa sababu hiyo. Lakini dada ameuliza habari ya maji. Kujenga au kuendesha?

Fundi_Tabata

Mimi nachomelea mageti, na nalitetea bwawa bila kuficha. Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulitutesa. Unakata vyuma vya mteja asubuhi, unaanza kuchomelea, pap, giza, mnakaa hadi usiku. Vijana wangu wawili waliondoka kwa kukosa hesabu. Februari 2024 mashine ya kwanza ya pale bwawani ilipoingia kwenye gridi, nilipumua. Mtu akiandika "bwawa la maafa" naona anataka kunipokonya tonge, na namjibu kwa hasira, siwezi kusema sivyo.

Ila hili la kuendesha sikuwahi kulisoma popote. Binti, kama unachodai ni kina kishushwe mapema na nyumbani waambiwe kabla, mimi na wewe hatuna ugomvi. Mnisaidie kwenye moja tu: kikishushwa, mgao unarudi?

Mpima_Kina

Inategemea mvua ya mwaka huo na umeshusha kiasi gani. Ndiyo maana hesabu hiyo inatakiwa ifanywe hadharani, fundi wa Tabata aione na mkulima wa Muhoro aione.

Mzee_wa_Utete

Wanangu, nimesoma yote. Niongezee lililosahaulika, kwa sababu mnayasema mafuriko kama vile ni adui tu.

Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na serikali ya Mwalimu ikatuondoa bondeni kwa Operesheni Rufiji, tukapelekwa juu. Nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Watu walirudi kulima kule kule bondeni na kujenga madungu, kwa nini? Kwa sababu ya tope. Maji yakishuka, kwenye Mei na Juni, ardhi inabaki nyeusi, ina ubaridi, unachoma shimo kwa mti na kutia mbegu. Mahindi, kunde na maboga vinaota kwa unyevu ule wa chini bila tone la mvua. Huo ndio mlau. Mvua za vuli zikishindwa, mlau ndio unaotulisha. Na maziwa yetu, Ruwe, Zumbi, Utunge, samaki wake huingizwa na mafuriko. Mto usipofika kule miaka miwili mitatu, nyavu zinatoka tupu.

Shukeni tena hadi delta. Mikoko na kambamiti vinategemea maji baridi na tope lile lile, na tope sasa linatua nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo Mrufiji akimsikia mtu wa Dar anajisifu kwamba bwawa limekomesha mafuriko, hafurahi. Akimsikia mwingine anasema mafuriko yote ni maafa, hafurahi vilevile. Tunataka maji ya kiasi, kwa wakati wake, na habari mapema. Mpima kina, hilo linawezekana kwa ile milango?

Mpima_Kina

Shikamoo mzee. Linawezekana. Kuachia maji kwa makusudi ili kuiga mafuriko ya kawaida ni jambo linalofanywa kwenye mabwawa ya nchi nyingine. Mali, Senegal na Mauritania wamefanya hivyo kwa bwawa la Manantali, lililoko Mali, kwa ajili ya wakulima wa bondeni kama ninyi. Tope ndilo gumu, milango hairudishi lote.

Binti_Muhoro

Shikamoo mzee. Mpima Kina, Fundi, asanteni sana. Mama yupo Chumbi kwa shangazi, mzima. Nilipomsomea habari ya mlau kwenye simu alisema huyo mzee anajua.

Jana yule bwana aliyeniita kibaraka alirudi. Nikamwandikia hivi: "Sibishanii kujenga. Nataka kujua siku ile maji yaliingia kiasi gani, yalitoka kiasi gani, na Muhoro waliambiwa lini. Wewe ungekuwa na mama kule usingetaka kujua?" Amejibu kwamba dada yake ameolewa Kibiti, na nyumba yao iliingia maji mara mbili, siku tofauti. Zile tarehe anazo kwenye ujumbe wa simu, amenitumia.

Basi nazikusanya. Mjomba ana alama ya maji kwenye ukuta wa jiko, aliichora kwa mkaa siku yenyewe na kuandika tarehe. Aliyeko Mloka, Mtanza, Utete, Chumbi au visiwani, kama uliandika popote siku maji yalipopanda na siku yaliposhuka, hata nyuma ya daftari la mtoto, nitumie kijiji na tarehe. Majina siyahitaji. Mpima Kina amekubali kuzipanga kufuata mwendo wa mto, kutoka ukutani hadi baharini, halafu tutaomba zile namba mbili kwa barua.