Mashabiki wa MMA hunaswa na nini kwanza, na mgeni aanzie pambano gani?

mlango_wa_kizimba:

Wakuu, habari za wakati huu. Ukifuatilia mijadala ya MMA, mchezo unaochanganya makonde, mateke, mieleka na ukabaji, unaona watu wa rika tofauti walinaswa na vitu tofauti kabisa. Wapo wa enzi za Royce Gracie, bingwa wa jiu-jitsu (ukabaji wa chini), wapo wa Pride, ligi ya Japani, wapo walioletwa na mpiganaji Conor McGregor. Ajabu ni kwamba pambano lililomnasa mmoja ukimwekea mgeni wa leo mara nyingi haliingii. Makonde anayafurahia, wakianguka chini tu anashika simu. Kwa nini inakuwa hivyo? Na kama ni kumchagulia mtu mapambano mawili matatu ya kuanzia, mngeweka yapi, na mngemwambia akodolee macho wapi?

kabari_ya_nyuma:

Mkuu, kila kizazi kiliingia na swali lake. UFC 1, shindano la kwanza la ligi ya UFC, Denver, Novemba 12, 1993, lilikuwa na swali moja tu: mtindo gani unashinda? Wapiganaji 8, usiku mmoja, hakuna majaji, hakuna madaraja ya uzito. Gracie aliwamaliza watatu, akiwemo bondia Art Jimmerson aliyepanda na glovu mkono mmoja. Walioingia kupitia usiku ule waliielewa sakafu tangu mwanzo, maana sakafu ndiyo iliyokuwa jibu. Mgeni wa leo hana swali hilo. Anajua kila mpiganaji anafanya mieleka na jiu-jitsu, kwa hiyo ukimwekea UFC 1 anaona watu wamekumbatiana kwenye picha mbovu, basi.

Wa mwaka 2005 waliletwa na Forrest Griffin na Stephan Bonnar, raundi 3 za dakika 5, karibu muda wote wamesimama wanatandikana. Pambano tamu, nalipenda sana, ila chini halikufundishi kitu.

Mimi ningeanza na Anderson Silva dhidi ya Chael Sonnen, UFC 117, Agosti 2010. Sonnen alimbwaga Silva na kumkalia juu raundi baada ya raundi, akachukua zote nne za kwanza. Katika raundi ya 5, zikiwa zimebaki kama dakika mbili, Silva akiwa chali alimfunga pembetatu ya miguu, Sonnen akagonga kukubali kushindwa. Mgeni akishaona hivyo anaelewa kwamba aliye chini naye anashambulia. Kuanzia hapo hashiki simu.

Lakini umwambie aangalie nini. Pembetatu inahitaji mkono mmoja wa mpinzani ndani ya miguu na mwingine nje. Kwa hiyo macho yawe kwenye viganja vya aliye chali: akishika kifundo cha mkono wa aliye juu na kuusukuma kuelekea tumboni kwake, jua mguu unafuata begani. Ukaba wenyewe unabana damu, si pumzi. Paja linabana mshipa upande mmoja wa shingo, na bega la mpinzani mwenyewe linabana upande wa pili. Inafeli pale unyayo unapofungwa juu ya unyayo mwenzake, badala ya kifundo kuingia nyuma ya goti la mguu wa pili. Ikifungwa hivyo nafasi inabaki, na aliye ndani anainua kichwa na kunyoosha mgongo mpaka anachomoka.

teke_la_kushoto:

Nakubaliana na hoja, nakataa mpangilio. Silva na Sonnen ni zaidi ya dakika 20 za mtu kukaliwa kabla hujafika kwenye utamu. Mgeni hafiki huko.

Mwekee Leon Edwards na Kamaru Usman, UFC 278, Agosti 2022. Kila kitu kimo. Raundi ya 1 Edwards anambwaga Usman, ambaye hakuwa amewahi kubwagwa ndani ya UFC. Raundi ya 2 hadi ya 4 Usman anamsukuma kwenye wavu na kumchosha. Raundi ya 5, zimebaki sekunde 56, Edwards anarusha konde la kushoto la uongo, Usman anainamisha kichwa kulikwepa, na anakuwa amekipeleka pale pale teke la kushoto linapopita. Mrudishie hizo sekunde tatu polepole. Akigundua kwamba konde lilirushwa ili kichwa kihame, ataanza kutafuta mitego ya namna hiyo kwenye kila pambano.

Halafu umpe Poirier na McGregor la Januari 2021, kwa ajili ya mateke ya chini ya goti. McGregor alisimama kwa mkao mpana, uzito mwingi kwenye mguu wa mbele, na Poirier akawa anaupiga ubavuni, chini kidogo ya goti. Hapo pana neva inayopita karibu kabisa na mfupa, bila nyama ya kuikinga. Ikishtuliwa mara kadhaa unyayo unakosa nguvu ya kujiinua. Dalili zake ni mtu kubadilisha mguu wa mbele ghafla, au kukanyaga kwa ukingo wa unyayo. Raundi ya 2 McGregor hakuwa na miguu ya kumtoa kwenye wavu, makonde yakammaliza. Anayejua hili hasemi ameshindwa kwa bahati mbaya.

Kitu cha kuepuka ni vipande vifupi vya KO (mtu kuzimishwa kwa pigo). McGregor na Aldo, sekunde 13, Desemba 2015, ni tukio kubwa kwa anayejua kwamba Aldo alikuwa hajapoteza kwa miaka 10. Kwa mgeni ni mtu kuanguka tu, na anaanza kudai kila pambano liishe hivyo.

mlango_wa_kizimba:

Shukrani wakuu, mmenifungua. Pride je? Na hili la pointi, maana wageni wengi wanakasirika matokeo yakisomwa.

pointi_kumi:

Pride iwekwe baadaye, kwa sababu sheria zake zitamchanganya. Raundi ya kwanza ilikuwa dakika 10, kukanyaga na kupiga teke kichwa cha aliyelala kuliruhusiwa, na majaji walitazama pambano zima badala ya raundi moja moja. Akitoka huko kuja UFC atashangaa refa anasimamisha kitu alichokizoea.

Kwa pointi, mwambie kwanza kwamba kila raundi inahesabiwa peke yake. Mshindi wa raundi anapata 10, mwenzake kwa kawaida 9, au 8 akizidiwa sana. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza raundi moja kwa 9 na bado akashinda 29-28 katika raundi tatu. Jaji anaanza na madhara: makonde na mateke yaliyoumiza, mibwago na mikabo iliyomhatarisha mpinzani. Nani alikuwa anasonga mbele, nani alishika katikati ya kizimba, hayo yanaangaliwa tu ikiwa ya kwanza yamelingana, na hulingana mara chache sana.

Hasira nyingi zinatoka kwenye mbwago. Mtu anambwaga mwenzake, anamkumbatia dakika mbili bila kupiga wala kutafuta ukabaji, na mtazamaji anamhesabia raundi. Hiyo haitoshi. Mpe mgeni karatasi, kengele ikilia aandike namba zake kabla mtangazaji hajafungua mdomo, na azime sauti kabisa kama anaweza. Watangazaji wakishamshabikia mmoja, hata konde lililogonga glovu linasikika kama limefika.

kabari_ya_nyuma:

La kuzima sauti naliunga mkono. Na mkuu teke_la_kushoto, mpangilio wako nimeukubali: Edwards kwanza, Sonnen baada ya Poirier. Ila Sonnen asirushwe mbele hadi raundi ya 5. Hesabu mara ambazo Silva anashika kile kifundo cha mkono kabla ya ile ya mwisho.