Mrejesho: mdogo wangu aliyejeruhiwa na msumeno juu ya mti

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu mdogo wangu, mkata matawi, aliyekatwa paja na msumeno wa mnyororo akiwa juu, akabaki ananing'inia kwenye mkanda huku wenzake chini hawajui wamshusheje.

Jeraha limefunga, anatembea bila mkongojo. Kupanda bado daktari hajamruhusu.

Asanteni sana mliosisitiza suala la kuning'inia. Sote tulikuwa tunaiwaza damu ya pajani tu, kumbe mtu akining'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama huko chini, anaweza kuzimia, na hali ikawa mbaya ndani ya dakika chache. Niliwasomea wenzake ushauri wenu wote. Sasa hapandi mtu kama chini hakuna mwenzake mwenye kamba na mkanda wake tayari, anayejua kupanda na kumshusha majeruhi. Wanalifanyia mazoezi kwenye mti mfupi. Na wakiwasha msumeno juu wanajifunga sehemu mbili, maana mnyororo ukigusa kamba moja, inabaki nyingine.

Aliyeuliza chanzo: sehemu ya juu ya ncha ya msumeno iligusa tawi la nyuma, ukaruka. Ndiyo, alikuwa ameushika kwa mkono mmoja, na msimamizi alizoea kuona hivyo akanyamaza. Hilo linaniuma kuliko yote.

Suruali za kinga zimenunuliwa. Fidia bado, mwajiri ameshajaza taarifa ya ajali, tunasubiri.