Platinamu au dhahabu kwa elektrodi ndogo za kusisimua neva?

MwanaTudor: Hamjambo jamani. Naagiza vifaa Ijumaa na nimekwama. Nataka safu ya elektrodi (vituo vya chuma vya kupitishia umeme) 8 za duara, kila moja kipenyo nusu milimita. Nichukue ubao mwembamba wa saketi wa poliimidi (plastiki inayopindika) wenye pedi za dhahabu, au karatasi ya platinamu niikate kwa leza niizibe kwa silikoni? Ubao ni wa bei rahisi mno. Mwasemaje?

FundiKibokoni: Hujasema zaenda wapi, ndugu yangu. Ngozini au ndani ya mwili? Saa moja au mwaka? Mkondo kiasi gani? Bila hayo twabahatisha tu.

BintiLikoni: Platinamu. Vipandikizi vya masikio ni platinamu na silikoni miaka yote, na watu wasikia.

SalimK: Huo ubao rahisi ulinitesa. Niliuchovya kwenye maji ya chumvi, nikapitisha mapigo usiku kucha. Asubuhi kingo za pedi mbili zimekuwa kijani, dhahabu yabanduka kama ganda la kitunguu. Wiki nzima nikalaumu saketi. Kumbe dhahabu yenyewe haifiki hata mikroni moja, chini yake nikeli, kisha shaba, na zote mbili zadhuru neva. Tena sikuwa nimeweka kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu (umeme unaokwenda upande mmoja tu).

MwanaTudor: Pole kaka. Samahani, nilisahau: ni neva ya nyungunyungu, saa mbili tatu maabarani. Miliampea 1, milisekunde 0.2. Kwa majaribio ya awali nitateka maji ya bahari pale Nyali.

FundiKibokoni: Bahari ina chumvi kama asilimia 3.5, dripu ni 0.9, na ya mwilini mwa nyungunyungu hafifu zaidi. Vipimo vitakudanganya. Nunua dripu duka la dawa.

SalimK: Piga hesabu: chaji (kiasi cha umeme kwa kila pigo) ni mikrokulombi 0.2, eneo sentimita mraba 0.002. Hiyo ni 100 kwa kila sentimita mraba. Platinamu huvumilia 50 hadi 150. Uko ukingoni hata nayo! Panua pedi, na kila pigo ulifuate na la kinyume chake.

BintiLikoni: Kwa saa mbili, si hata sindano za chuma cha pua zatosha?

FundiKibokoni: Kuamsha neva, ndiyo. Lakini yeye ataka safu.

MwanaTudor: Nikipanua pedi, zitabanana... Na leza ya kukata platinamu nitaipata wapi hapa mjini?

BintiLikoni: Leza sijui. Ila nyungunyungu kiangazi hiki umeshawapata? Huku kwetu wako chini ya migomba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo.