Aina 13 za zabibu za Château de Beaucastel: ni urithi wa kale au uamuzi wa ukoo wa Perrin?

Mdadisi:
Ndugu wanajamvi, naomba kueleweshwa kuhusu Château de Beaucastel, shamba la mizabibu lililoko karibu na Courthézon, kusini mwa Ufaransa. Linasifiwa kwa kupanda aina zote 13 za zabibu zilizotajwa katika kanuni za mvinyo wa eneo la Châteauneuf-du-Pape, ilhali majirani wengi huegemea aina moja, Grenache. Je, desturi hiyo imerithiwa tangu enzi za jina la shamba, au imeletwa na ukoo unaolimiliki sasa?

Bin Saidi:
Jina ni la kale kuliko ukoo. Mtu mwenye cheo aitwaye Pierre de Beaucastel alinunua ghala na ardhi hapo mwaka 1549, lakini mizabibu ya zamani haikunusurika, kwa sababu katika miaka ya 1860 filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, alizuka upande wa pili wa mto Rhône, karibu na Roquemaure, akaenea Ufaransa nzima. Pierre Tramier alinunua shamba mwaka 1909, likapita kwa mkwewe Pierre Perrin, kisha kwa Jacques Perrin, aliyeliongoza hadi 1978. Kwa hiyo tabia ya mvinyo unaouulizia ni kazi ya karne ya 20. Jacques ndiye aliyeipa Mourvèdre, mojawapo ya zabibu nyekundu kati ya hizo 13, uzito usio wa kawaida katika eneo hilo, na ndiye aliyeachana na dawa za viwandani wakati wenzake wakizishangilia.

Mama Zuhura:
Naongezea la Bin Saidi. Mourvèdre huchelewa kuiva na hudai joto. Mawe ya mviringo yaliyotapakaa shambani hufyonza jua la mchana na kulirudisha usiku, nao upepo wa mistral hukausha vichala visipate ukungu, jambo linalorahisisha kilimo bila kemikali. Kila aina huvunwa na kuchachushwa peke yake kabla ya kuchanganywa. Zabibu nyekundu hupashwa moto mkali kwa muda mfupi sana, ili kuzima vimeng'enya vinavyoharakisha kuoza kwa ladha, kisha hupozwa. Mbinu hiyo naiona ya kijasiri kuliko hizo aina 13, ambazo baadhi yake huchangia kidogo mno.

Kaka Mlole:
Nakubaliana nawe, Mama Zuhura, ila sifa zisitufumbe macho: chupa kadhaa za zamani zina harufu ya zizi inayohusishwa na chachu ya Brettanomyces, na wanywaji hawajaacha kubishana kama hiyo ni kasoro au haiba. Wana wa Jacques, Jean-Pierre na François, walimuenzi baba yao kwa chupa iitwayo Hommage à Jacques Perrin, iliyoanza na mavuno ya 1989, yenye Mourvèdre kwa wingi na isiyotolewa kila mwaka. Bei yake ni ya matajiri. Ndugu Mdadisi, anza na chupa ya Coudoulet, inayotoka kwenye mizabibu ya ukoo huohuo ng'ambo ya barabara kuu ya A7.