Naomba ushauri: chuma cha mguuni kinatoa usaha
Wakubwa shikamooni, wengine habari za Tanga. Mdogo wangu alianguka na bodaboda pale Pongwe, akawekewa chuma kwenye muundi. Huu ni mwezi wa nne tangu awekewe, kidonda kimebaki kitundu kama cha sindano, lakini kila asubuhi shuka lina usaha. Vidonge kameza mpaka kachoka. Daktari anasema bakteria wamejijengea utando juu ya chuma, dawa haiwafikii, kitolewe.

Nimesoma kuna vyuma vinavyopakwa chembe za nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) za fedha (madini, siyo pesa, ingawa nazo zitatutoka!) zinazoua bakteria kabla hawajajishikiza. Kuna aliyewekewa? MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) Dar vinapatikana? Na mfupa ukiwa haujaunga, kikitolewa utashikiliwa na nini?